Pengwini wa Kambove

Mchoro wa vekta ni picha ambayo kompyuta haiihifadhi kama mkusanyiko wa vijiraba vya rangi, yaani pikseli, bali kama maelezo ya mahali nukta zilipo na namna mistari inavyopinda kutoka nukta moja hadi nyingine, na ndiyo maana unaweza kukuzwa kutoka ukubwa wa kifungo cha shati hadi ukubwa wa ukuta bila kuharibika. Hesabu ya mipindo hiyo ilizaliwa katika viwanda vya magari vya Ufaransa, kwa Paul de Casteljau wa Citroën mwaka 1959 na Pierre Bézier wa Renault katika miaka ya 1960, na tangu 2003 programu ya Inkscape humwezesha mtu yeyote kuitumia bila kulipa hata faranga moja.

Maelezo hayo yametangulizwa kwa sababu ya pengwini. Wiki hii, katika mtaa mmoja wa Kambove, shule ya watoto wadogo, ambayo jina lake linasitiriwa kwa heshima ya watoto wenyewe, ilitundika kaliko, yaani bango la kitambaa, la kuwakaribisha wazazi, na katikati yake akasimama pengwini aliyevaa skafu nyekundu. Pengwini huyo alitolewa kwenye simu akiwa na ukubwa wa kidole gumba, akavutwa hadi akafikia kimo cha mtu mzima, jicho lake likawa ngazi na mdomo wake ukawa rundo la matofali. Mtoto mmoja aliyepita hapo na mama yake aliuliza kama ile ni nyumba. Swali lilikuwa la haki. Wasomaji wa safu hii, ambao wamekwisha kuvumilia habari za kipaza sauti cha alfajiri na za mkate unaopungua kila mwezi, hawatashangaa kusikia kwamba mwandishi wake aliondoka hapo na hasira ambayo hata bukari, yaani ugali, na samaki havikuituliza.

Kuvuta picha hadi ipasuke ni uvivu tu, na uvivu husameheka. Lisilosameheka ni pengwini mwenyewe, katika mji wa shaba usiojua theluji, ambako kanga hupita uani. Kiswahili sanifu, ni kweli, ni bahili katika kutaja udogo unaopendeza, kwa kuwa ki- yake ya udogo mara nyingi hubeba dharau, na hakuna anayefurahi kuitwa kijitu. Lakini Kiswahili cha Katanga kina ka- na tu-, na mama wa Lubumbashi asemapo katoto au tutoto, mapenzi yamo ndani ya kiambishi chenyewe. Sura ya ka- hiyo, yaani ya udogo unaovuta mapenzi, ilielezwa mwaka 1943 na Konrad Lorenz wa Austria, mtaalamu wa tabia za wanyama: kichwa kikubwa kupita kiasi, macho makubwa yaliyoshuka chini ya paji, mashavu ya mviringo. Kanga huipata kwa maumbo machache mno, tone la maji lililolazwa likiwa mwili, duara likiwa kichwa, na kiduara kimoja cheupe, kinachonakiliwa mara 40, kikiwa madoa.

Madoa hayo yana ukoo. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya wachoraji mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, iliyojulikana kama Le Hangar, na hakutaka wanafunzi wake waige Ulaya. Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki, Mwenze Kibwanga akajenga picha kwa mistari mifupi iliyosongamana, na Bela akachora kwa ncha za vidole, doa kwa doa, kazi ambayo kijana wa leo huifanya kwa kubofya kipanya. Wazee hao wameachwa kwa sababu moja tu, nayo ni imani kwamba kizuri hakina budi kushuka kutoka nje kama nguo za marobota.

Faili la kanga, likihifadhiwa katika muundo wa SVG uliopitishwa rasmi mwaka 2001, ni maandishi matupu, mepesi kuliko picha moja ya simu. Shule inayohusika inaombwa basi kuishusha kaliko yake, na ikiwa kanga anaonekana mgumu, yupo mbuzi wa sokoni, ambaye safu hii iliahidi kutomtaja tena: pembe mbili, ndevu, na macho ya mtu anayedai deni.