Waya umekatika, mwenye kijiko ananunua kompyuta

Mwenye kijiko au greda lililogoma kazini, awe Kilosa au Mkuranga, mara nyingi safari yake huishia Gerezani. Ndiko kwenye maduka ya spea, mafundi umeme wa magari, wachonga vyuma na madalali wanaojua nani ana kifaa gani. Eneo hilo jirani na Soko la Kariakoo limelea mafundi wengi wasio na cheti lakini wenye mikono inayoaminika, na kwa mitambo ya zamani sifa hiyo wanaistahili. Pampu ya dizeli iliyochoka husikika kwa sikio, na haidroliki inayovuja huonekana kwa macho.

Shida ipo kwenye mitambo ya sasa. Injini, pampu ya haidroliki, gia na dashibodi, kila kimoja kina kompyuta yake ndogo, na kompyuta hizo huwasiliana kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mfumo huo, unaoitwa CAN, ulitangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986, na kwa malori na mitambo mingi mizito hutumika kanuni za mawasiliano zinazojulikana kama J1939. Mawasiliano yakikatika, kijiko kinaweza kuwaka lakini mkono ukawa mzito, au kisiwake kabisa, huku dashibodi imejaa taa. Chuma kizima, mafuta safi, lakini kazi hakuna.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Fundi anasoma namba ya hitilafu inayosema kompyuta ya injini haipatikani, mteja anaambiwa kompyuta imekufa, na dalali tayari anajua iliko nyingine iliyotumika. Inalipiwa, inafungwa, tatizo liko palepale. Namba ile haikudanganya: ilisema kompyuta haisikiki, haikusema imekufa. Mtu asiyepatikana kwenye simu si lazima awe marehemu, huenda ni mtandao tu.

Kinachotakiwa kwanza ni kazi ya dakika kumi kwa mita ya kawaida ya fundi umeme. Betri inakatwa, kisha unapimwa ukinzani kati ya nyaya hizo mbili, ambazo kwa mitambo mingi mmoja ni wa njano na mwingine wa kijani. Kila ncha ya mtandao ina rezista ya omu 120, na kwa kuwa zimeungwa sambamba, mita inatakiwa isome karibu 60. Ikisoma 120, rezista moja haipo au waya umekatika mahali. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Basi plagi za kompyuta zichomolewe moja baada ya nyingine huku mita ikitazamwa, na ile ambayo ikitoka namba inapanda ndiyo yenye kesi, yenyewe au kipande chake cha waya. Betri ikirudishwa na swichi kufunguliwa, kila waya huwa na takriban volti 2.5, mmoja juu kidogo na mwenzake chini kidogo. Ukikuta volti 12 au 24, waya huo umegusa umeme wa betri.

Mara nyingi mkosaji ni kitu cha bei ndogo: plagi iliyoingia maji, fyuzi, waya wa bodi ulioshika kutu, panya aliyetafuna nyaya mtambo ulipolala porini, au kifaa cha kufuatilia mtambo kilichoungwa ovyo. Zipo pia kompyuta zinazokufa kweli, hasa pale mtu anapochomelea ndoo bila kukata betri. Na hapo fundi wa mtaani hukwama kwa haki, maana kompyuta mpya huhitaji programu ya mtengenezaji.

Kwa nini basi dakika kumi hizo hazitumiki? Jibu liko kwenye malipo, si kwenye akili ya fundi. Fundi hulipwa kwa kufunga kitu. Akihangaika siku nzima na kuupata waya mbovu, mteja anaona umetumika mkanda wa shilingi elfu mbili na anataka kulipa kwa hesabu hiyo. Akishauri kompyuta inunuliwe, anapata ufundi pamoja na cha juu cha dukani. Katika biashara ya namna hiyo, fundi mwaminifu ndiye anayelala njaa.

Chukua mfano wa kijiko kinachokodishwa Sh700,000 kwa siku. Kikisimama siku tisa kusubiri kompyuta ya Sh4 milioni, mwenye mali amepoteza Sh10.3 milioni. Akimlipa mpimaji Sh300,000 kwa upimaji pekee na kazi ikaisha siku ya pili, hasara ni Sh1.7 milioni.

Mkulima asidhani hayo ni ya makandarasi wa mjini. Greda likisimama kabla ya mvua, barabara ya kijijini haichongwi na mpunga unabaki ghalani hadi mnunuzi apange bei anayotaka. Matrekta mapya nayo yana mfumo uitwao ISOBUS, uliojengwa juu ya J1939 hiyohiyo. Marekani suala hili limefika bungeni: jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2023 sheria, iliyoanza kutumika Januari 2024, inayowataka watengenezaji wa zana za kilimo kuwapa wakulima na mafundi huru programu, vipuri na maelekezo ya ukarabati.

Hapa nyumbani si lazima kusubiri sheria. Anayenunua mtambo adai mchoro wa nyaya kabla ya kumaliza malipo, maana mitambo mingine ina mitandao miwili au zaidi na bila mchoro hata fundi hodari anabahatisha. Wenye mitambo watatu au wanne wanaweza kuchangia kisomaji cha J1939. Kile cha bei chee cha magari madogo kwa kawaida hakifai. VETA iko Chang'ombe, si mbali na Gerezani, na kozi fupi ya jioni ya somo hili ingepata wanafunzi.

Na kabla fedha ya kompyuta haijatoka, mteja amtake fundi aandike kwenye karatasi alichosoma: omu ngapi, volti ngapi kila waya, umeme wa kuingia kwenye kompyuta hiyo ulikuwepo au haukuwepo. Asiyeweza kuandika hayo hajapima.