Anayepanda mti njo achague mukaba wake

Kila mwaka, mbele ya mvua ya kwanza, kazi moja inaanzaka mu kambi na mu vitongoji vya mgodi: kukata matawi. Ni miembe ya zamani iliyosimama kati ya nyumba, mikalitusi mirefu pembeni ya barabara, na jakaranda zinazogusa nyaya za umeme. Kuanzia Kipushi mpaka Likasi na Kolwezi, hakuna asiyeijua kazi hii. Tawi likivunjika na upepo wa mwezi wa kumi, litaangukia manjanja, nyaya, ao mtoto anayecheza chini. Basi lazima mtu apande.

Huyu mtu tunamujua. Ni mwenzetu. Mara nyingi hana kontra ya kampuni kubwa. Ni jurnalie wa kampuni ndogo ya sutretansi. Hashuke mu shimo, hahesabiwe tani, njo maana tukiongea usalama wa mgodi watu wanamusahauka. Sisi wa sendika tunasema hivi: anayepanda juu na anayeshuka chini, maisha yao wote wawili yanatundikwa ku kamba. Leo tunaongea juu ya kitu kimoja tu, ule mukaba anaoukalia akiwa juu ya mti.

Tunachosema ni kifupi. Mukaba wa kupandia uchaguliwe na yule atakayeukalia, akiisha kuujaribu ku mwili wake. Usichaguliwe na ofisi ya ununuzi kwa kuangalia bei, wala na magazinie kwa kuangalia nini imebakia ku msumari.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mu magazini vinatundikwaka pamoja. Kuna mukaba wa kuzuia kuanguka. Unavaliwa mwili muzima, na pete yake kubwa iko ku mgongo, kati ya mabega. Umefanywa kwa kumushika mtu akianguka, ku majukwaa ya chuma, ku silo, ku ngazi ndefu za usine. Kazi yake ni kungojea. Siku ajali inafika, unamuzuia mtu asifike chini, anabaki ananing'inia na kamba mgongoni mpaka wenzake wamushushe. Ni kitu cha maana na hatutaki mtu auache. Lakini si kitu cha kukalia.

Mukaba wa mti ni kiti. Mpandaji anaweka uzito wake wote ndani, saa moja, saa mbili, akigeuka huku na huku na mashini mkononi. Pete za kazi ziko mbele, karibu na kitovu, na mbili ku viuno, kushoto na kuume, fasi ya kufunga kamba fupi inayozunguka shina. Chini kuna vitanzi viwili vya mapaja, ao kibao kidogo cha kukalia. Ku karatasi iliyoshonwa ndani kuna namba. Mu sheria za Ulaya, EN 361 ni mukaba wa kuzuia kuanguka, EN 358 ni wa kujishikilia fasi ya kazi, EN 813 ni wa kukalia. Mukaba wenye 361 peke yake si kiti cha mpandaji, hata muuzaji aape namna gani. Na kinyume chake ni kweli tena: pete za viuno hazikufanywa kwa kumushika mtu aliyeanguka kutoka mbali. Kamba yake inapaswa kubaki imekazwa saa zote, mtu asiweze kuanguka kupita nusu metre.

Wakubwa wa kazi tukiwaambia maneno haya, wanajibuka: «Bale batu banatafuta paka raha. Mukaba ni mukaba.»

Hapana. Kitu kinachouma mwilini kinabadilisha namna mtu anavyofanya kazi. Mukaba ukikata mapaja, miguu inaingia ganzi. Mpandaji anaanza kuharakisha. Analegeza vifungo ili apumue. Anasimama ku tawi ambalo hakulitumainia, juu ya kupumzisha mapaja. Mwisho anafungua kamba fupi, «dakika moja tu», na mashini ingali inawaka. Kisha ajali, ripoti inaandikwa: mfanyakazi hakufuata sheria za usalama. Sisi tunauliza: nani alimununulia kifaa kinachomusukuma kuvunja sheria? Raha tunayoomba si ya kulala. Ni ile inayomuacha mtu afikirie tawi analolikata, asifikirie maumivu.

Kuna tena hatari ambayo wengi hawaijue. Mtu akining'inia bila kutikisa miguu, amezimia ao amechoka kabisa, damu inabaki ku miguu, hairudi vizuri ku moyo. Anaweza kufa ijapokuwa hakugusa udongo. Hata mukaba muzuri hauondoe hatari hiyo. Njo maana mtu asipande akiwa peke yake: chini abaki mwenzake anayejua kupanda, amekwisha vaa mukaba wake, na kamba ya pili tayari.

Basi, namna gani ya kuchagua? Hauhitaji injenia. Unahitaji tawi nene, kamba nzuri, na nusu saa ya kazi ambayo haikatwe ku mshahara. Mpandaji avae kama siku ya kazi: boti zake, suruali yake nene, msumeno wa mkono, na uzito wa mashini ku pete yake. Aning'inie miguu ikiwa juu ya udongo kidogo tu, akae ndani dakika 15 ao 20. Dakika ya kwanza kila mukaba ni muzuri, sawa vile viatu vipya dukani. Ukweli unatokeaka nyuma.

Aangalie kiuno kwanza. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, uwe mupana nyuma, ushike mgongo wa chini. Akikaa, usipande mpaka ku mbavu. Ukipanda, pumzi inakatika, na mtu aliyekosa pumzi hawezi kufanya kazi mpaka saa sita.

Nyuma ya kiuno, mapaja. Vitanzi viwe vipana, na ncha zake zisikate. Uzito ugawanyike kati ya mapaja na mgongo, usikae fasi moja. Visivute ku kinena. Hapo wababa wote wanatuelewa bila maelezo. Mkono bapa upite kati ya kitanzi na paja, lakini ngumi isipite.

Kisha mwendo. Ageuke kushoto, ageuke kuume, alale upande, ainue goti mpaka ku kifua kama mtu anayepanda. Mikaba mingi ya mti iko na kamba fupi mbele ambayo pete inateleza juu yake. Hiyo njo inaacha mwili ugeuke bila mukaba wote kujikunja. Kama akigeuka mukaba unabaki nyuma, si wake.

Mwisho, kipimo. Vifungo vikiisha kukazwa, mkanda ubaki na nafasi ya kukaza tena na nafasi ya kulegeza. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita mtu anavaa koti. Mwezi wa kumi, na lile joto, ni shati tu. Mukaba mumoja unapaswa kukubali nguo zote mbili. Mtu wa kilo 55 na mtu wa kilo 95 hawawezi kugawana kipimo kimoja. Na kama anayepanda ni mwanamke, ajaribu yeye mwenyewe: nyonga zake si za bwana yake.

Wengine watauliza: kibao ao vitanzi? Inategemea mti. Anayekaa fasi moja wakati murefu, akining'inia pembeni ya mkalitusi ulionyooka, kibao kitamupumzisha mapaja. Anayehama-hama mu mwembe wenye matawi mengi, kibao kitamugonga na kumusumbua, vitanzi vitamuacha miguu huru. Ekipi inayofanya miti yote miwili ijaribu aina zote mbili. Hakuna ofisi inayoweza kujua jibu hili ikiwa haijauliza watu wanaopanda.

Mukaba ukiisha kuchaguliwa, uwe wa mtu mumoja, na jina lake juu. Mukaba wa kugawana kila siku unafungwa vibaya, maana kila asubuhi mtu anaanza kutafuta tena vipimo, na shefu anapiga kelele. Zaidi ya hapo, hakuna anayejua jana ulifanya nini. Mwenye mukaba wake anaujua kama baiskeli yake. Kila asubuhi aangalie nyuzi za mshono, ncha za mkanda, alama za msumeno, pete na vifungo. Mafuta, petroli na asidi ya batri vinaharibu kitambaa, na sisi tena tuko na asidi ya usine: mukaba usitundikwe mu depo moja nayo. Uoshwe na maji na sabuni ya kawaida, uanikwe mu kivuli, juu jua letu linakula nailoni polepole. Ukiisha kumushika mtu aliyeanguka, utoke mu kazi siku ile ile, na ukatwe vipande usirudie ku soko. Na ule wa soko, ambao hatujue ulitoka kwa nani, hata ukikaa vizuri mwilini, tusiununue.

Juu ya pesa, tusidanganyane. Sheria ya kazi ya inchi yetu, Code du travail ya 2002, inamulazimisha patron kuangalia kazi ifanywe mu hali inayofaa kwa usalama, kwa afya na kwa heshima ya mfanyakazi. Ku Shirika la Kazi la Kimataifa, Konvansio 155 ya 1981 inasema mipango ya usalama isimugharimu mfanyakazi kitu. Konvansio 176 ya 1995, ile ya migodi, inasema vifaa vya kujikinga vitolewe bila malipo. Kumukata jurnalie ku mshahara juu ya mukaba, ao kumuambia «kuya na yako», ni kinyume cha maneno haya yote.

Sisi tunaomba mambo matatu. La kwanza: mbele ya kununua, muuzaji alete mikaba ya aina mbili tatu, wapandaji waijaribu wakining'inia, na neno lao liandikwe. La pili: kampuni kubwa iandike mu kontra na sutretansi kwamba kila mpandaji atakuwa na mukaba wake wa kukalia, ijapokuwa anafanya siku tatu tu. La tatu: ajali ikitokea, ripoti iseme aina ya mukaba, kipimo chake, na kama mwenye kuuvaa aliujaribu mbele. Bila maneno hayo, ripoti inamuhukumu mtu na kukiacha kifaa.

Kwa ninyi wamama wa kambi: bwana ao mtoto akirudia na alama nyekundu ku mapaja, ku viuno, na miguu inayomufanya ganzi usiku, musiseme ni uchovu tu. Mumuulize mukaba gani wanamupatia. Kama anaogopa kuongea juu ya kupoteza kazi, mulete neno hilo kwa delege wa sendika. Tutalibeba bila kutaja jina lake.

Kwa madelege wenzetu: mvua haingojee. Wiki hii, mbele mtu wa kwanza hajapanda, kila mumoja aende ku magazini, ashushe mikaba ku msumari, asome namba zilizoshonwa ndani, na aziandike. Kisha awaite wapandaji, afunge kamba ku tawi la mwembe wa karibu, na aanze na yule aliye mwepesi wa kusema ukweli.