Pikipiki Mpya Isidaiwe Hesabu Kamili

Hapa Ngana baadhi ya wazazi wakiuza kakao au mpunga hununua pikipiki, wakamkabidhi kijana, na kumdai hesabu kamili tangu siku ya kwanza. Naona jambo hili si la haki, wala halina faida.

Vyuma vya injini mpya havijazoeana. Ringi za pistoni husugua ukuta wa silinda mpaka zikae sawasawa, na chembe za chuma zitokazo hapo huingia katika oili. Ndiyo sababu vitabu vya watengenezaji huagiza mwendo wa wastani, mzigo mwepesi, na oili ya kwanza imwagwe mapema, mara nyingi kwenye kilomita 500. Lakini kijana anayedaiwa atapakia abiria watatu na gunia juu, ili atimize hesabu. Baadaye injini ikila oili na kutoa moshi wa buluu, hulaumiwa yeye.

Samaki mkunje angali mbichi. Wazazi wetu, punguzeni hesabu katika kilomita hizo za kwanza, na oili ya kumwaga inunueni ninyi. Mtakachosamehe ni kidogo kuliko gharama ya kufungua injini.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne