Nyani Wawili Sebuleni Kwangu

Mpenzi msomaji, ukipita kwangu Sinza Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa 10 jioni, usishangae viatu vya watoto vimejaa mlangoni. Hakuna bethidei. Ndani kuna watoto 7, mikeka miwili, sinia la visheti, jagi la juisi ya ukwaju na kitabu kimoja kinachopita mkono kwa mkono. Ndiyo klabu yetu ya vitabu: wanangu wawili, watoto watatu wa wifi yangu na wawili wa jirani.

Nianze na ukweli. Sikuianzisha kwa sababu mimi ni mama bora. Niliianzisha kwa aibu. Binti yangu ana miaka 10, anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, na siku moja nilimpa gazeti la Kiswahili anisomee kichwa cha habari. Jamani! Alisoma kama mtalii aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo. Mimi, mhariri wa gazeti la Kiswahili! Ada nalipa, lakini lugha ya bibi yake inampotea nikiwa namtazama.

Nikachagua Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Baba watoto akacheka hadi akaweka rimoti chini. "Mke wangu, watoto wa siku hizi wasome Shaaban Robert? Utasinzia wewe kwanza." Nikamwambia subiri uone.

Kwa nini kitabu hiki? Kwanza ni chembamba, na sura zake ni fupi, hivyo tulikigawa katika vikao vitatu. Pili, kina mambo: majini, safari ya baharini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na Adili, bwana mpole ambaye kila usiku anawachapa nyani wawili kisha anawalisha vizuri huku analia. Mtoto gani ataacha kuuliza kwa nini?

Kama na wewe unataka kujaribu, haya ndiyo tuliyojifunza. Usizidishe dakika 45. Kila mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti, asiyetaka asilazimishwe, asikilize tu. Maneno magumu tuliyaandika kwenye karatasi ya manila ukutani, na atakayelitumia neno kwenye sentensi yake mwenyewe anapata kisheti cha ziada. Usiulize maswali ya mtihani, "Adili alikuwa nani?" Uliza, "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Simu zote, pamoja na yako, ziingie kwenye kikapu. Na chakula kiwepo. Tumbo likilia, hata Shaaban Robert hasikiki.

Kikao cha kwanza walikuwa wanacheka tu. Cha pili walianza kugundua mambo wenyewe. Mtoto wa jirani, miaka 11, akasema, "Anti, kumbe majina ni mtego! Hasidi ni mtu wa husuda, Mwivu ni wa wivu, na Adili ndiyo mwadilifu." Baba watoto alikuwa anajifanya anaangalia mpira chumbani, lakini nilimwona kasimama mlangoni.

Jioni hiyohiyo ndiyo tulifika kwenye kiini. Baba yao alipofariki, ndugu hao watatu waligawana urithi sawasawa. Hasidi na Mwivu wakazimaliza mali zao, Adili akawapokea na kugawana nao zake. Shukrani yake? Wakamtupa baharini. Ndiyo maana jini aliyewahi kuokolewa na Adili akawageuza nyani, na kumwamuru Adili awachape kila usiku.

Nikauliza swali langu, "Ungekuwa wewe Adili, ungewalilia ndugu zako?" Wengine wakasema hapana, wachapwe tu. Binti yangu akakaa kimya, halafu akaniangalia usoni.

"Mama, na wewe mjomba alikutupa baharini?"

Mwenzangu, sebule nzima ilitulia. Wifi yangu, aliyekuwa anamimina juisi, akageuka dirishani.

Ngoja nikueleze. Baba yangu alituachia nyumba Tanga. Kaka yangu ndiye anakusanya kodi, na mwaka jana nilipomuuliza hesabu, alinijibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Na mimi nikamjibu. Tangu hapo mwaka 1 na miezi 4, hatujasalimiana. Kwenye harusi ya binamu yetu tulikaa meza mbili tofauti. Nilidhani watoto hawajui. Nilikuwa nawaambia mjomba ana kazi nyingi.

Nilijibu, "Hapana mwanangu, hakunitupa baharini." Akauliza tena, bila ubaya wowote, "Sasa kwa nini wewe humlilii?"

Sikuwa na jibu. Nikasema muda umekwisha, kuleni visheti.

Usiku ule sikulala vizuri. Kilichoniuma ni kwamba Adili alidhulumiwa kwa kiwango ambacho mimi sijafikia hata robo, na bado aliwaita ndugu. Mimi kwa kodi ya vyumba vinne nimefuta namba. Msinielewe vibaya, sisemi dhuluma ivumiliwe. Hesabu ni haki yangu na bado naidai. Lakini kudai hesabu ni kitu kimoja, na kumnyima kaka yako salamu ni kitu kingine. Mimi nilikuwa nimevichanganya.

Jumatatu nikaomba namba kwa mama, nikapiga. "Shikamoo kaka." Kimya. Nikadhani kakata. Halafu, "Marahaba. Watoto hawajambo?" Tuliongea dakika 3, na nyumba haikutajwa.

Kikao cha tatu watoto walikuwa 9. Wanawe wawili waliletwa na mama yao. Yeye mwenyewe alibaki ndani ya gari, akasema ana haraka. Nikamtolea visheti kwenye kifuko, akavipokea dirishani. Suala la nyumba tutakaa nalo na baba mdogo, na sijui litaishaje.

Kwa hiyo, msomaji wangu, nunua kitabu, tandika mkeka, waite watoto. Ila nakuonya mapema: watakuuliza maswali, na si yote yatahusu kitabu. Jiandae.

Tukutane mwezi ujao.