Nguzo ya Chuma Haiulizi Dereva Alikusudia Nini



Nimechoshwa na kauli ileile ya wakubwa kila gari linapovurumishwa katikati ya umati: kwamba mtu akishaamua kuua, hakuna wa kumzuia. Si kweli. Mara nyingi muuaji havunji kizuizi chochote; hupita palipoachwa wazi. Kule New Orleans, Marekani, alfajiri ya Januari 1, 2025, watu 14 waliuawa kwa gari katika Mtaa wa Bourbon. Nguzo za chuma za kufunga mtaa huo zilikuwapo kwa miaka, ila mifereji zilimokuwa zikiteleza iliziba kwa shanga zinazorushwa wakati wa sherehe za Mardi Gras, nguzo zikawa hazifanyi kazi, na siku ya maafa zilikuwa katikati ya kubadilishwa. Gari la polisi liliegeshwa kuziba njia, lakini muuaji alipandisha gari lake kando, wanakopita watembea kwa miguu, akalikwepa. Siku chache kabla, Desemba 20, 2024, soko la Krismasi mjini Magdeburg, Ujerumani, lilikuwa limewekewa vizuizi vya zege, ila pengo likaachwa kwa ajili ya magari ya dharura. Muuaji aliingilia hapohapo. Watu sita walikufa na mamia wakajeruhiwa. Uzio wenye pengo ni sawa na zizi lisilo na lango.

Najua nitaambiwa ambulensi na zimamoto lazima zipite. Zipite, lakini pengo lizibwe kwa lori zito lenye dereva ndani, alisogeze wanapofika waokoaji na kulirudisha wakishapita. Wengine watasema mtu akinyimwa gari atachukua kisu. Huenda, ila kisu hakiui watu 86 kwa dakika chache, kama lilivyofanya lori la tani 19 mjini Nice, Ufaransa, Julai 14, 2016. Linganisha na Times Square, New York, Mei 2017: gari lilipanda njia ya waendao kwa miguu na kumuua msichana mmoja, kisha likakwama juu ya nguzo za chuma, magurudumu ya upande mmoja yakiwa hewani. Msiba ulikuwapo, lakini safari ya gari hilo iliishia pale. Na wanaohofia kuwa miji itageuka magereza waangalie uwanja wa Emirates jijini London, ambako herufi kubwa za zege zinazoandika ARSENAL ni kizuizi cha magari. Mashabiki hukaa juu yake wakipigwa picha.

Pingamizi linaloniudhi zaidi ni kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Tumeisahau ajali ya Londiani, hapahapa Kenya? Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo kwenye makutano yale na kuwaparamia wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na abiria waliokuwa wakisubiri magari. Watu zaidi ya 50 walikufa. Haikuwa hujuma, lakini kwa mama aliyekuwa akiuza mboga kando ya lami, nia ya dereva haikubadilisha kitu. Kizuizi imara kinachomkinga mnunuzi dhidi ya muuaji ndicho kinachomkinga dhidi ya breki zilizofeli, kwa hiyo hata asiyeamini tutashambuliwa ana sababu ya kukidai.

Wala wanasiasa wetu hawahitaji kufundishwa. Wanakofanyia kazi wao kuna mageti, vyuma na askari wa kukagua kila gari, lakini mikutano wanayotuitia barabarani hulindwa kwa utepe wa plastiki. Soko la kando ya barabara kuu hukumbukwa kila asubuhi wakati wa kukusanya ushuru, kisha husahaulika mpaka siku ya kutoa rambirambi. Ushuru huo ungeanza kuwalinda wanaoulipa: zege kati ya lami na vibanda, na masoko mapya yajengwe mbali na barabara. Vilevile, kibali cha mkutano, tamasha au maandamano kisitolewe kabla ofisa mmoja hajatembea eneo lote, akahakikisha hakuna mwanya gari linapoweza kupenya, na kutia sahihi yake. Likitokea la kutokea, tujue wa kumuuliza.

Msomaji,
Nakuru