Alitibu macho ya watu, kifua kikammaliza

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama kupima macho. Nilijua tunakwenda kuchukua miwani, basi. Dokta akazima taa, akamsogelea na katochi kake, akachungulia jicho la kulia, akarudia tena, kimya. Mwisho akatuambia ni presha ya macho. Jicho la kulia limeshaanza kuliwa pembeni, na kilicholiwa hakirudi. La kushoto bado zima, matone yatalilinda asipozembea.

Bwana we, niliishiwa nguvu. Mama yeye akauliza tu, "Sasa dokta, cherehani nitaendelea nayo?"

Usiku usingizi hauji, nikawa nasoma habari za ugonjwa huo. Ndipo nikakutana na mshikaji mmoja wa Kijerumani, Albrecht von Graefe.

Alizaliwa Berlin mwaka 1828. Dingi yake alikuwa daktari wa upasuaji mwenye jina kubwa, akafariki mwaka 1840 dogo akiwa na miaka 12. Angeweza kukaa akala jina la baba. Wapi! Mwaka 1847, ana miaka 19, kashapata shahada ya udaktari. Akafunga safari: Prague, Paris, Vienna, London, kote huko akijifunza kwa mafundi wa macho. Aliporudi Berlin akafungua kliniki yake hata miaka 25 hajafikisha, na masikini akawa anawatibu bure. We katika umri huo ulikuwa unafanya nini? Usinijibu, mimi nilikuwa kijiweni.

Bahati nayo ilimwendea. Mwaka 1851 Mjerumani mwenzake, Hermann von Helmholtz, alitangaza kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Kabla ya hapo daktari akitazama mboni aliona weusi tu. Graefe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukichangamkia. Katochi ka dokta wa mama ni kajukuu ka kifaa hicho.

Lakini lililonishika ni hili. Enzi hizo presha ya macho ilikuwa hukumu isiyo na rufaa. Mwaka 1857 Graefe akatangaza kwamba ukikata kipande kidogo cha ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, presha inashuka, jicho linaokoka. Sababu hasa hakuijua vizuri. Baadaye ndiyo ikaeleweka kwamba maji ya ndani ya jicho yanafunguliwa njia. Iliwafaa zaidi wale wanaovamiwa ghafla na maumivu makali. Kwa ile inayonyemelea polepole kama ya mama, haikufua dafu sana.

Hapo sijagusa kisu chake chembamba cha kutolea mtoto wa jicho, wala jarida la macho aliloanzisha mwaka 1854, ambalo hadi leo linatoka kwa jina lake.

Sasa kumbe huyu anayefukuza giza kwa wenzake, yeye mwenyewe kifua kinamla. TB. Mwaka 1862 alioa, Anna, binti wa ukoo wa kikabaila wa Denmark. Akaendelea kupasua na kufundisha huku anakohoa. Tarehe 20 Julai 1870 akafariki, miaka 42 tu. Inauma zaidi ukijua kwamba mdudu wa TB alikuja kutangazwa na Robert Koch mwaka 1882, tena hapo hapo Berlin. Mwaka huo huo ndio walimzindulia Graefe sanamu yake, jirani na hospitali ya Charité.

Basi mama kashaanza matone, kila siku saa tatu usiku. Juzi alitaka kulala bila kuweka, anasema yanawasha. Nikamhadithia habari za Graefe. Akasikiliza, akanyoosha shingo, akasema, "Haya, weka."

Na Jumatatu nakwenda kupimwa mimi. Dokta alinitazama wakati tunatoka akasema, "Kijana, hii kitu inatembea kwenye ukoo."