MAONI YETU: KALAMU YA KUKODI



Neno letu la safari hii lawahusu kwanza wenzetu wa ofisi ya wachora ramani, nao si wengi. Huenda dereva wa injini au fundi wa karakana akasema, haya ya kompyuta yanihusu nini mimi? Twamwomba asome mpaka mwisho. Hakuna daraja linalotengenezwa, wala behewa linalorekebishwa, bila mtu kukaa kwanza akaichora kazi hiyo na kuandika vipimo vyake. Tena jambo likimpata mchora ramani leo, kesho huingia karakana.

Zamani mchora ramani alikuwa na ubao wake, rula, bikari na kalamu za wino. Vyombo hivyo vilinunuliwa mara moja. Bikari ilichora duara lile lile baada ya miaka thelathini, na mwenye duka hakuja kila mwaka mlangoni kudai fedha ili iendelee kufunguka. Aliyetaka bikari bora alikwenda kuinunua, na aliyetosheka na yake alikaa nayo. Na ile ramani aliyoichora kwa wino juu ya kitambaa, mtu ye yote mwenye macho aweza kuisoma hata leo.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa programu za kompyuta. Iliyoenea sana ni AutoCAD, ya kampuni ya Autodesk ya Marekani, nayo ilianza kuuzwa mwaka 1982. Isije ikadhaniwa kwamba sisi twaichukia. Kosa ambalo zamani lilimfanya mtu akwangue wino kwa wembe nusu siku, sasa hurekebishwa kwa dakika moja, na hakuna mchora ramani hata mmoja aliyetuambia anataka kurudi kwenye ubao. Tunalolalamikia ni bei, na hasa bei ya kutoka toleo la zamani kwenda toleo jipya.

Tazameni jinsi bei hiyo ilivyopanda. Ofisi moja ya wasanifu majengo huko Seattle ilipotoka kwenye Toleo la 14 kwenda AutoCAD 2000, ililipa dola 495 kwa kila nakala, na aliyenunua nakala mpya kabisa alitakiwa dola 3,750. Yaani mteja wa zamani alilipa kama senti 13 katika kila dola. Hiyo twaiita bei ya haki, maana alikwisha kulipa mara ya kwanza. Mwaka 2010 kampuni ikasema mteja wa zamani alipe nusu ya bei ya nakala mpya. Mwaka 2013 ikawa 70 kwa mia. Mwaka 2015 mlango huo ukafungwa: hakuna tena bei ya mteja wa zamani. Na mwaka uliofuata nakala za kununua na kukaa nazo daima zikaacha kuuzwa, ikabaki kukodi, kwa mwezi au kwa mwaka.

Walikuwapo wateja waliokuwa wakilipa ada ya matunzo kila mwaka, wakidhani wamejikinga. Hao nao wakaarifiwa mwaka 2017 kwamba ada itapanda 5 kwa mia mwaka huo, 10 kwa mia mwaka 2018, na 20 kwa mia mwaka 2019. Anayejua hesabu na afanye: aliyekuwa akilipa shilingi 100 alijikuta analipa zaidi ya shilingi 138 baada ya miaka mitatu. Katika maisha yetu yote ya chama hatujaona tajiri akiongeza mishahara kwa mwendo huo.

Kisa cha zile nakala za Seattle hakikuishia hapo. Ile ofisi ilipokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani mwaka 2007, bwana mmoja aitwaye Timothy Vernor alizinunua nakala za Toleo la 14, akaziuza kwenye mnada wa intaneti, kama mtu auzavyo cherehani kuukuu. Kampuni ikamzuia. Naye akaenda mahakamani, na mwaka 2009 akashinda. Lakini mwaka 2010 mahakama ya rufani ikasema kwamba ile ofisi haikuwa imenunua kitu, ilikuwa imepewa ruhusa tu ya kukitumia, na ruhusa haiuziki. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya kampuni nyingine, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kinyume: kwamba mtu akilipa bei na kupewa ruhusa isiyo na mwisho, huko ni kununua, naye ana haki ya kumwuzia mwingine. Basi kitu kile kile, upande mmoja wa bahari ni mali yako, upande wa pili ni cha kuazima. Waswahili husema cha kuazima hakisitiri matako, na hapa wachora ramani wa dunia nzima wameonyeshwa maana yake.

Tusidhani ni maskini peke yao wanaolia. Mwezi wa Julai mwaka 2020 kampuni kubwa za wasanifu majengo wa Uingereza, na miongoni mwao ile iliyoanzishwa na marehemu Zaha Hadid, ziliandika barua ya wazi kwa mkubwa wa Autodesk juu ya programu yake nyingine iitwayo Revit. Zilisema gharama zinapanda na programu yenyewe haiendi mbele. Mwaka 2022 vyama vya wasanifu wa nchi za kaskazini ya Ulaya vikaandika barua yao. Ikiwa wenye kujenga viwanja vya ndege wanalalamika, kijana wetu wa mkataba wa miezi mitatu afanyeje?

Wenye kampuni nao wana maneno yao, na ni haki kuyasikia. Husema kwamba ofisi ndogo haina haja tena ya kutoa fedha nyingi kwa mara moja. Hukodi mwezi mmoja kwa kazi moja, ikamaliza. Husema pia kwamba mkodi hupata matengenezo mapya kila yanapotoka. Kwa mwenye kazi ya mara moja moja maneno hayo ni kweli. Kwa mtu achoraye kila siku, mwaka kwa mwaka, si kweli hata kidogo, maana atalipa mpaka astaafu na siku ile asipolipa programu haifunguki. Atakuwa na ramani zake mwenyewe ndani ya kompyuta, na ataweza kuzitazama kwa programu ya bure ya kutazamia, lakini kuongeza mstari mmoja hawezi.

Tena liko tatizo jingine ambalo wakubwa wa ofisi hawalielewi. Ramani za AutoCAD huhifadhiwa kwa namna iitwayo DWG, na namna hiyo imebadilishwa mara nyingi: 2000, 2004, 2007, 2010, 2013, 2018. Programu ya zamani haisomi DWG mpya. Basi mhandisi wa mkandarasi akikuletea ramani ya 2018 na wewe una toleo la 2016, unaambiwa ofisi yako imepitwa na wakati, nunua mpya. Kumbe hukuhitaji cho chote kipya. Ulihitaji yule mhandisi abonyeze mara mbili na kuihifadhi kwa namna ya zamani, au kwa namna iitwayo DXF ambayo programu nyingi huisoma. Fedha nyingi zimetoka kwa sababu mtu hakuulizwa kufanya jambo hilo dogo.

Sasa tuje kwetu. Bei iliyotangazwa Marekani kwa AutoCAD kamili ni kama dola 2,000 kwa mwaka. Kwa dola ya shilingi 130 hiyo ni kama shilingi 260,000, kabla ya kodi. Na wako matajiri, hatutawataja, wanaomwandika kijana kwa mkataba na kumwambia, njoo na kompyuta yako na programu yako. Kijana huyo alijifunza AutoCAD chuoni, ambako mwanafunzi hupewa bure. (Wavuvi wanajua kazi ya chambo.) Akitoka chuoni ile ruhusa ya bure inakwisha. Basi ama atoe mishahara ya miezi kadhaa kabla hajachora mstari, ama aombe nakala ya wizi kwa rafiki, ndani ya flashi.

Wengi hufanya hilo la pili, na sisi hatuwezi kujifanya hatujui. Lakini nakala hiyo ni kosa kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na siku ya ukaguzi kompyuta itakayokamatwa ni ya kijana. Ramani zilizotoka humo zimo kabatini mwa tajiri, kazi imekwisha kujengwa, na yeye tajiri atasema hakujua.

Shauri letu ni hili. Chombo cha kazi ni cha tajiri kununua. Dereva haji na dizeli yake, wala mwashi wa stima haji na waya zake. Kwa nini mchora ramani aje na programu ya robo milioni? Twataka jambo hilo liandikwe katika mapatano yajayo, pamoja na neno moja zaidi: kwamba hakuna mfanya kazi atakayeamriwa, wala kuachwa kwa hila, atumie nakala isiyo halali, na akikataa asiadhibiwe.

Kwa matajiri wanaosema gharama ni kubwa, twawajibu kwamba hata sisi twasema ni kubwa. Na waanze kwa kuhesabu ni nani hasa anahitaji programu kamili. Anayechora ramani bapa tu aweza kutumia AutoCAD LT, ambayo bei yake ni kama robo. Zipo pia za bure na halali: LibreCAD kwa ramani bapa, na FreeCAD kwa vitu vyenye umbo, ambayo ilifikia toleo lake la 1.0 mwezi wa Novemba mwaka 2024. Hatusemi zafaa kila kazi. Ramani za DWG kutoka kwa wakandarasi haziingii humo bila taabu, na mtu aliyezoea AutoCAD miaka kumi atanung'unika mwezi wa kwanza. Lakini kujaribu kwa kompyuta mbili hakugharimu kitu, na kila ramani ihifadhiwe pia kwa DXF, ili siku tukiacha kulipa tusifungiwe nje ya kazi yetu wenyewe.

Kila mchora ramani aliyelipa programu kwa fedha zake katika miaka mitatu iliyopita amletee katibu wa tawi nakala ya risiti kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi. Aliyeambiwa kwa mdomo aje na programu yake, na aandike siku aliyoambiwa na cheo cha aliyemwambia. Majina hayatasomwa mkutanoni.